Hodi ya Pili Asembo

Anayetaka kujua Wakenya hufa kwa sababu gani asianzie Nairobi. Aende Asembo. Katika vijiji vinavyoteremka hadi maji ya Ghuba ya Winam, kaunti ndogo ya Rarieda huko Siaya, kuna watu ambao kazi yao kwa zaidi ya miaka 20 imekuwa kupiga hodi boma baada ya boma na kuuliza yaleyale: nani kazaliwa, nani kaolewa akaja, nani kahama, nani amefariki. Shughuli hiyo ya Taasisi ya Utafiti wa Matibabu Kenya, KEMRI, kwa kushirikiana na CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, ilianza Asembo mwaka 2001, ikaingia Gem mwaka uliofuata na Karemo mwaka 2007, hadi ikawa inafuatilia watu zaidi ya 200,000. Miaka ya mwanzo wahesabu walirudi kila baada ya miezi 4. Kuna vijana wa huko ambao majina yao yaliingia katika daftari hizo kabla hawajajua kutembea.

Kifo kikitokea, mtu wa kijijini aliyepewa kazi hiyo hupeleka habari. Kisha watafiti wanangoja, maana si adabu kumhoji mfiwa hema likiwa bado uwanjani. Matanga yakishaanuliwa, mhojaji anakuja, anatoa pole, anavutiwa kiti cha plastiki kivulini na kuomba kuzungumza na yule aliyemuuguza marehemu. Homa ilikuwa ya siku ngapi? Alikohoa? Alikonda? Miguu ilivimba? Majibu huandikwa, na baadaye hupitiwa na madaktari, au siku hizi na programu ya kompyuta, ili ipatikane sababu ya kifo ambacho pengine hakikupitia hospitali yoyote. Kati ya maswali ya fomu ya Shirika la Afya Duniani (WHO) inayotumika katika mahojiano ya aina hii, limo moja linalouliza waziwazi kama marehemu alijitoa uhai mwenyewe.

Jaribu kulijibu swali hilo ukiwa mama mzazi, mbele ya mgeni, wiki chache baada ya redio kutangaza kwamba mwanao ameaga dunia “baada ya kuugua kwa muda mfupi”.

Nina hoja moja tu leo. Asembo imeshapata nusu ya kinachohitajika ili vijana wasijiue. Nusu hiyo ni hodi ya kwanza, ya mtu anayehesabu. Nusu ya pili ni mtu anayerudi, na huyo hatujamwajiri bado, wala hatujamtengea nauli.

Kuhesabu kumewahi kuokoa watu Asembo, kwa sababu hesabu ilifuatwa na kitu mkononi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Asembo na Gem zilikuwa uwanja wa jaribio kubwa la vyandarua vilivyotiwa dawa. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2003, ilionekana kwamba vifo vya watoto wa mwezi 1 hadi 11 vilipungua kwa asilimia 23. Leo mama anayetandaza chandarua chake Turkana au Tabora ananufaika na hesabu iliyofanywa katika maboma ya Rarieda. Baadaye dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilipofika Nyanza, daftari zilezile zilionyesha vifo vya watu wazima vikishuka.

Ila havikushuka kwa wote. Mwaka 2012 watafiti wa mradi huo walichapisha ripoti kuhusu vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 24, kuanzia 2003 hadi 2009. Kwa wasichana habari ilikuwa njema mno: kiwango cha vifo kwa wale wa miaka 20 hadi 24 kilianguka kwa asilimia 53, na kwa walio chini yao kilianguka zaidi. Kwa wavulana, upungufu wa maana haukuonekana. Na kufikia 2009, majeraha yalikuwa yamelingana na UKIMWI kama kisababishi kikuu cha vifo vya vijana wa kiume.

Majeraha, katika lugha ya watakwimu, ni kapu kubwa. Humo mna pikipiki iliyogongwa barabarani, mashua iliyopinduka, kisu cha ugomvi wa kilabuni, na mna pia kijana aliyejiua. Ripoti ile ilikuwa kengele. Wakati huo macho ya wafadhili na ya serikali yalikuwa kwa msichana, na ilistahili, maana virusi vilikuwa vikimmaliza yeye kwanza. Mpango wa DREAMS uliofadhiliwa na Marekani ulipokuja Siaya miaka michache baadaye, uliwalenga wasichana na wanawake vijana kuanzia miaka 10 hadi 24: karo, mikutano, mafunzo, mtu wa kuzungumza naye. Kaka wa msichana huyo, aliyeketi kwenye pikipiki nje ya ukumbi hakuwa na mkutano wowote wa kuhudhuria. Sina kinyongo na DREAMS. Nasema tu kwamba katika Kenya, kwa makadirio ya WHO, wanaume hujiua karibu mara 3 kuliko wanawake, na hatujawahi kuwa na mpango wa kiasi hicho kwa ajili ya wavulana.

Tuseme jambo kuhusu takwimu zetu za taifa, maana hapo pana kichekesho kisichochekesha. Kwa miaka mingi, aliyehesabu vifo vya kujiua Kenya ni polisi. Mwaka 2021 Idara ya Upelelezi wa Jinai ilitangaza vifo 483 katika muda wa takriban miezi 3, na nchi ikashtuka. Lakini kadirio la WHO la mwaka 2019 lilikuwa watu 6.1 kwa kila 100,000. Zidisha kwa idadi ya Wakenya, unapata zaidi ya 3,000 kwa mwaka. Hata mwaka ule wa kushtua, polisi hawakukaribia nambari hiyo. Nani angewapa? Kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, na aliyenusurika aliweza kufungwa hadi miaka 2. Waingereza waliotuachia sheria hiyo waliifuta kwao mwaka 1961. Sisi tulibaki nayo. Familia iliyomwahi kijana wake na kumkimbiza zahanati ilijua kwamba daktari akiandika ukweli, huenda askari akasimama kando ya kitanda. Kwa hiyo iliandikwa “ajali”, “sumu ya chakula”, “malaria”.

Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba: kinabagua watu kwa sababu ya afya zao, kinadhalilisha utu wao, na kinawanyima haki ya matibabu. Kesi ilikuwa imeletwa na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili. Ni hukumu ambayo haikupata hata robo ya kelele inazopata kesi za wanasiasa, ingawa kwa zahanati ya kijijini ina uzito kuliko nyingi za hizo. Muuguzi sasa anaweza kuandika kilichotokea. Na kikiandikwa, kinaweza kufuatiliwa.

Sheria ikiondoka, desturi inabaki. Kwa Wajaluo, ambao mazishi yao ni mkutano wa ukoo mzima, mkesha, nyimbo, ng'ombe na hotuba, aliyejiua alinyimwa karibu yote hayo. Hapakuwa na tero buru, ile ibada ya kufukuza mauti, kwa ajili yake. Alizikwa upesi, na watoto waliozaliwa baadaye hawakupewa jina lake. Wazee hawakufanya hivyo kwa ukatili. Walitaka kuufunga mlango ili wengine wasipite humo. Hata mtaalamu wa kikoloni alikiona kifo hiki kwa jicho la mahakama: kitabu alichohariri Paul Bohannan mwaka 1960, chenye sura ya G. M. Wilson kuhusu Wajaluo, kiliweka mauaji na kujiua pamoja katika jalada moja. Lakini mlango uliofungwa namna hiyo huwafungia ndani waliobaki. Mdogo wa marehemu, anayelala kwenye nyumba ileile na kuvaa mashati yaleyale, haruhusiwi kumtaja. Na yeye ndiye tunayepaswa kumwangalia zaidi, kwa kuwa aliyefiwa kwa njia hii naye huwa hatarini kuliko jirani zake.

Sisi wa magazeti nasi tuna la kujibu. WHO ina mwongozo kwa wanahabari: usieleze namna, usitaje mahali, usiweke kichwa cha habari cha kutikisa, usimpachike marehemu sababu moja rahisi kama “kaachwa na mpenzi” au “kafeli mtihani”. Kifo cha aina hii hakina sababu moja. Bado kila Januari, matokeo ya mtihani wa sekondari, KCSE, yakitoka, utakuta habari ya mtahiniwa iliyovunja masharti yote hayo katika aya mbili. Yapo pia matokeo ya utafiti kutoka Austria na kwingineko kwamba habari za watu waliopitia wazo hilo wakavuka huweza kupunguza vifo. Hizo hatuziandiki, kwa sababu mtu aliye hai akivua samaki hakuna mhariri anayemwona kuwa habari.

Turudi kwenye hodi. Kati ya tafiti zote nilizosoma kuhusu jambo hili, moja ndiyo inayonifanya niandike kuhusu Asembo na si mahali pengine. WHO iliwafuata watu 1,867 waliokuwa wamejaribu kujiua na kufikishwa hospitalini katika miji 5: Campinas, Chennai, Colombo, Karaj na Yuncheng. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu walipewa mazungumzo ya kama saa moja kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, kisha mtu akawatembelea au kuwapigia simu mara 9 katika miezi 18. Alikuja wiki ya kwanza, ya pili, ya nne, na kuendelea hivyo kwa kuachanisha. Hakuleta dawa mpya wala mashine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: kati ya waliopata huduma ya kawaida, asilimia 2.2 walikuwa wamejiua. Kati ya waliotembelewa, asilimia 0.2.

Ziara 9. Mahali ambapo wahesabu wamepiga hodi mamia ya maelfu ya mara tangu 2001, ziara 9 kwa kijana aliyenusurika haziwezi kuwa jambo la ajabu.

Atakayezifanya yuko tayari kijijini. Wajaluo humwita nyamrerwa. Serikali humwita CHP, mhudumu wa afya ya jamii. Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua wahudumu zaidi ya 100,000 nchi nzima, wakapewa begi lenye kipimo cha presha, cha sukari, cha joto, na simu ya kuingizia taarifa. Kila mmoja ana takriban kaya 100. Malipo yao ni Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, na anayewajua anajua pia jinsi malipo hayo yanavyochelewa. Kumwongezea nyamrerwa kazi nyingine bila kumwongezea chochote ni desturi yetu mbaya, na sitaki hoja yangu itumiwe hivyo. Lakini yeye ndiye anayejua ni nyumba gani imeacha kupika.

Na anahitaji kufundishwa kitu kimoja kigumu, kuuliza. Namna yake ni kama hivi:

“Nyathina, mwanangu, nyumbani wanasema siku hizi huli.”

“Niko sawa tu, mama.”

“Najua utasema uko sawa. Nakuuliza kitu kingine. Umewahi kufikiria kufa?”

Watu wengi, hata walimu na wachungaji, wanaogopa kwamba kuuliza hivyo ni kumpa kijana wazo ambalo hakuwa nalo. Tafiti za miaka mingi zimeonyesha kinyume: swali la wazi, likiulizwa kwa upole, halipandi wazo hilo, na mara nyingi humpunguzia mtu mzigo. Akijibu ndiyo, nyamrerwa hatakiwi kuwa daktari. Anatakiwa asimwache peke yake, aondoe karibu vitu vya hatari, na ajue ni nani wa kumpigia katika hospitali ya Madiany au ya Bondo, na huyo naye awe anapokea simu. Tukifika hapo ndipo mnyororo unapokatika. Madaktari wa magonjwa ya akili Kenya ni wachache, na wengi wako Nairobi. Kwa mtu wa Asembo, rufaa maana yake ni Siaya, au Kisumu kwenye hospitali ya Jaramogi ambayo wenyeji bado wanaiita Russia, nauli juu yako, na siku nzima ya kazi imepotea.

Kuna jambo la makazi ambalo miongozo ya WHO kutoka Geneva haiwezi kulijua. Kijana wa Kijaluo akibalehe hujenga simba, nyumba yake mwenyewe karibu na lango la boma. Ni heshima, na ni hatua ya kuwa mwanamume. Pia maana yake ni kwamba kuanzia miaka 15 au 16, hakuna mtu mzima anayejua kama alilala au alikesha. Mama anamwona mchana tu, akichukua sahani. Siombi simba zibomolewe. Nasema kwamba anayepanga kuwafikia wavulana wa Asembo kupitia sebule ya wazazi wao amekosa njia tangu langoni.

Njia nyingine ni ufuo. Pale bichi kuna rejista ya pili ambayo haijafikiriwa kama chombo cha afya: kamati ya usimamizi wa ufuo, BMU, huandikisha mashua, wenye mashua na wavuvi wake. Vijana hao huvua omena usiku wa giza kwa mwanga wa taa, asubuhi wanagawana mapato, na kufikia jioni sehemu yake imekwisha kwenye simu: deni la Fuliza, kisha mkeka wa kamari. Kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaliane. Kwa ziwa ni jambo jema. Kwa kijana asiye na shamba wala mashua, ni miezi 4 bila mapato huku deni likizaa. Kaunti yenye akili ingeitazama kalenda hiyo kama mkulima anavyoitazama mvua: Januari ya matokeo ya mitihani, Aprili ya kufungwa kwa omena. Miezi hiyo ndiyo ya kuongeza ziara, kuwaita viongozi wa BMU na wenyekiti wa bodaboda, na kuzungumza katika nyoluoro, yaani vikundi vya vijana vya kuchangiana. Serikali kuu nayo ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30 mwaka 2025. Siku 30! Msimu wa kufungwa omena ni mrefu mara 4 kuliko hapo.

Shuleni tuna mfano wetu wenyewe. Taasisi ya Shamiri, iliyoanzishwa na Mkenya Tom Osborn, iliwafundisha vijana waliotoka tu sekondari kuongoza vikundi vya wanafunzi kwa vikao 4: jinsi ya kukua, kushukuru, kujua unachokithamini. Majaribio yake, yaliyofanywa Nairobi na Kiambu, yalionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua. Anayeongoza kikundi ni kaka wa miaka 19 au 20, si mshauri mwenye shahada. Rarieda haina uhaba wa vijana wa miaka 19 wanaongoja nafasi ya chuo.

Kuhusu dawa kali za shambani nitasema kidogo tu. Sri Lanka ilipiga marufuku zile hatari zaidi, moja baada ya nyingine, na viwango vya kujiua vimeshuka kwa karibu asilimia 70 tangu kilele cha mwaka 1995. Mashamba yao hayakufa. Bodi inayosajili dawa hizo hapa Kenya haihitaji kusubiri kampeni ya uhamasishaji ili ifanye kazi yake.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni la haki. Kijiji ni kidogo. Nyamrerwa ni shemeji ya mtu. Taarifa kwamba kijana wa boma fulani alijaribu kujiua ikivuja, atakosa mke, na mdogo wake ataitwa jina hilo shuleni. Anayefuatilia watu kwa ajili ya afya zao anaweza kuishia kuwa mpelelezi wa chifu. Kwa hiyo nambari ziende juu bila majina. Jina libaki kwa mtu mmoja tu anayerudi, na kijana mwenyewe akubali arudiwe. Chifu na mzee wa nyumba kumi wasiwe na orodha hiyo kabisa. Katika hili KEMRI ina uzoefu kuliko ofisi yoyote ya kaunti: imeshika siri za maboma hayo tangu enzi ambapo kipimo cha virusi kilimfanya mtu atengwe na ndugu zake.

Kuna suala la pesa pia, na mwaka 2025 umetufundisha. Fedha za Marekani zilipokatwa ghafla Januari ile, kliniki za Nyanza zilitikisika katika wiki moja. Ufuatiliaji unaotegemea bajeti ya Washington unaweza kufa kwa sahihi moja. Mkakati wa taifa wa kuzuia kujiua, wa 2021 hadi 2026, uliahidi kupunguza vifo hivyo kwa asilimia 10, na kabla yake, mwaka 2020, jopo lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza magonjwa ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Karatasi hazikosekani. Bunge la kaunti ya Siaya linapopitisha bajeti, natamani kuona mstari mmoja tu wenye jina: nauli na muda wa maongezi kwa wanaomrudia aliyenusurika, mara 9, kuanzia wiki ya kwanza. Ni pesa za mafuta ya msafara wa gavana kwa siku chache.

Wakati mstari huo unangojwa, kuna simu. Msalaba Mwekundu wanapokea kwa 1199, bila malipo. Befrienders Kenya wako kwenye 0722 178 177. Mtoto au anayemwogopea mtoto apige 116. Anayepiga si lazima awe yeye aliye taabani. Ndugu anaweza kupiga kuuliza afanyeje, na nyamrerwa pia.